Maoni Yetu: Uwanja wa Goma ufunguliwe, msaada upite

Februari 8, 2025, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam kujadili vita vya mashariki mwa Kongo. Rais Paul Kagame alikuwapo ukumbini, Rais Félix Tshisekedi alishiriki kwa njia ya video. Walikubaliana kwamba mapigano yasimame, majeruhi waondolewe, njia kuu za kupitishia chakula na bidhaa muhimu zilindwe, na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe bila kuchelewa.

Mwaka 2025 ulikwisha uwanja ukiwa umefungwa. Oktoba 30 ya mwaka huo, katika mkutano wa wafadhili jijini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba ndege za misaada zingeanza kutua Goma baada ya wiki chache. Waasi wa M23, wanaoushikilia mji, wakaupinga uamuzi huo. Wiki zikapita, miezi ikafuata, na ndege hazikutua.

Gazeti hili lina dai moja. Msaada wa kibinadamu upite Kivu sasa. Usisubiri mkataba wa mwisho, usisubiri ijulikane nani atatawala Goma au Bukavu, wala usigeuzwe mtaji wa mazungumzo. Wenye silaha wanaweza kukaa mezani Doha na Washington mwezi baada ya mwezi. Mama mwenye mtoto anayeharisha hana mwezi wa kusubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia Kivu si ya wanaojadiliana.

Yaliyotokea yanajulikana. Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 27, 2025. Katikati ya Februari ukafuata uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wa Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linapigana pamoja na M23. Kigali inakanusha na kusema inajilinda dhidi ya waasi wa FDLR. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani Washington. Desemba 4 marais wao wakayathibitisha mbele ya Rais Donald Trump. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kukimbilia Burundi.

Ndiyo maana hatukubali hoja kwamba msaada usubiri saini. Saini zimeshawekwa, na watu wameendelea kukimbia.

Kabla ya Goma kuanguka, kuuzunguka mji huo kulikuwa na wakimbizi wa ndani wapatao 700,000. Waliishi Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na kwingineko, katika vibanda vya turubai vilivyosimamishwa juu ya mawe ya volkano. Wengi walitoka Masisi na Rutshuru, na wapo waliokuwa wamekwisha kuhama mara mbili au tatu. Februari 2025 watawala wapya waliwapa saa 72 waondoke. Baadaye M23 walisema kurudi ni kwa hiari, lakini kambi zilikuwa zimekwisha kubomolewa, na vyoo, mabomba na zahanati zilizojengwa kwa miaka kadhaa zikapotea kwa siku chache.

Waliorudi vijijini walirudi bila mbegu. Februari na Machi ndiyo miezi ya kupanda msimu wa pili katika milima ya Kivu. Asiyeweka maharage au mahindi ardhini wakati huo hana cha kuvuna katikati ya mwaka. Wengine walikuta nyumba zimebomolewa, wengine mashamba yana watu wengine, na wengine waliogopa kulima kwa sababu ya mabomu yaliyobaki ardhini. Familia iliyokuwa ikipata unga, maji na matibabu kambini iliambiwa ikajitegemee, na haikupewa hata jembe.

Kwa nini tunakazania uwanja wa ndege? Kwa sababu ya jinsi Goma ilivyokaa. Kusini kuna Ziwa Kivu, kaskazini kuna mlima Nyiragongo, mashariki kuna mpaka wa Rwanda. Hakuna barabara ya uhakika ya kuiunganisha na Kinshasa, iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 1,500. Barabara ya kaskazini inapita Rutshuru na Kanyabayonga, ya magharibi inapita Sake na Masisi, ya kusini inafuata ziwa hadi Minova na Bukavu. Zote zimekatwa mara kwa mara na mapigano, na kila kundi lenye bunduki limeweka kizuizi chake na ushuru wake.

Kwa miaka mingi Goma ndiyo ilikuwa kitovu cha misaada kwa mashariki yote. Ndege za Umoja wa Mataifa zilishusha hapo chanjo, dawa, damu na madaktari wa upasuaji, kisha shehena zikasambazwa kwa magari na boti. Uwanja ulipofungwa, mizigo na watu walianza kuzungukia Kigali na kuingia kwa mpaka wa Rubavu, upande wa Rwanda. Njia hiyo imeokoa maisha, na wanaoifanya ipitike wanastahili shukrani. Lakini ni ndefu, ni ghali, ina vibali juu ya vibali, na inaifanya dawa ya Mkongo itegemee ruhusa ya nchi ambayo serikali yake inatuhumiwa kuwa sehemu ya vita. Majeruhi wa kichwa aliyepaswa kufika Kinshasa kwa ndege ndani ya saa chache hana usafiri huo tena.

Uwanja huo uliwahi kupata madhara makubwa kuliko haya. Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Uwanja ukarudi kutumika, sehemu iliyofunikwa ikasafishwa baadaye, na ndege zikaendelea kutua kwa zaidi ya miaka ishirini. Kilichoharibiwa na vita vya 2025 kinaweza kutengenezwa. Kinachokosekana ni ridhaa.

Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka pia Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja waliingia Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ilikuwa aibu kwa dunia kuchelewa kiasi kile. Hata hivyo, ndege zilitua Goma na mitambo ya kusafisha maji ya ziwa ikafika, na vifo vikapungua. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, ziwa ni lilelile, miamba ni ileile, ugonjwa ni uleule, ila mlango wa angani umefungwa kwa makusudi.

Kipindupindu hakijaondoka. Goma imejengwa juu ya lava ngumu. Kuchimba kisima ni kazi kubwa, kuchimba choo cha shimo ni kazi vilevile. Maji ya mji yanavutwa kutoka ziwani kwa pampu za umeme. Umeme ulipokatika katika mapigano ya Januari 2025, watu walishuka ziwani na madumu, wakachota maji na kuyanywa. Mwaka huo Kongo ilikumbwa na mlipuko mbaya zaidi wa kipindupindu katika miaka 25, wenye wagonjwa zaidi ya 60,000 nchi nzima na vifo zaidi ya 1,800. Ni ugonjwa ambao tiba yake ni rahisi: maji safi, klorini, pakiti za ORS, na dripu kwa aliyezidiwa. Mtu hafi kipindupindu kwa kukosa mtambo wa mamilioni. Anakufa kwa sababu katoni ya dawa imekwama mahali.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wanaojadiliana hawalitaji mara nyingi. UNICEF ilieleza kwamba kati ya Januari 27 na Februari 2, 2025, idadi ya waliobakwa waliotibiwa katika vituo 42 vya afya ilipanda mara tano kwa wiki moja. Asilimia 30 yao walikuwa watoto. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, ile PEP wanayoijua wauguzi wetu wote, lazima ianze kutumika ndani ya saa 72. Baada ya hapo haisaidii. Anayechelewesha ndege ya dawa kwa wiki moja, kwa msichana aliyebakwa amechelewesha kwa maisha yote. Hatuoni hoja ya kijeshi wala ya kisiasa inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Tatizo la pili, baada ya uwanja uliofungwa, ni fedha taslimu. Goma ilipoanguka benki zilifunga milango, na serikali ya Kinshasa haikutaka zifanye kazi chini ya M23. Sababu yake tunaielewa: hakuna serikali inayopenda kumwachia adui hazina. Lakini walioumia kwanza ni walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo. Wapo waliolazimika kuvuka mpaka kwenda Rubavu kutafuta pesa, au kumlipa wakala wa simu makato makubwa ili wapate noti zao wenyewe. Mashirika ya misaada nayo yalikwama. Siku hizi msaada wenye heshima ni ule wa kumpa mtu fedha anunue anachohitaji kwa muuzaji wa mtaani kwake. Bila benki hilo linakuwa gumu, na soko la mtaa linakosa wanunuzi wakati mkulima wa Rutshuru ana viazi vya kuuza.

Tatizo la tatu ni wafadhili. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Juma moja baadaye Goma ikaanguka. Mwaka uliotangulia, karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu zilizopelekwa Kongo zilitoka Marekani. Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 2.54 kwa ajili ya mwaka 2025, ziwafikie watu milioni 11. Fedha zilizopatikana hazikukaribia hata nusu yake. Ghala nazo zilikuwa zimeporwa: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipoteza karibu tani 7,000 za chakula Bukavu wakati mji unabadilisha mikono.

Mkutano wa Paris uliahidi zaidi ya Euro bilioni 1.5 kwa ukanda mzima wa Maziwa Makuu. Ni fedha nyingi zikifika. Tunaziomba nchi zilizoahidi zitangaze kiasi zilichokwisha kulipa, mwezi kwa mwezi, ili mtu wa Minova na wa Kalehe ajue ahadi ipi ni chakula na ipi ni hotuba.

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya msimamo wetu, na zinastahili jibu.

Ya kwanza inasema msaada hulisha wapiganaji. Ni kweli, na hakuna mahali panapolithibitisha hilo kama Goma yenyewe. Katika kambi za 1994, waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari Rwanda ndio walioshika orodha za wakimbizi. Waligawa chakula kwa waliowataka, wakauza sehemu yake, wakajipanga upya kwa vita. Novemba mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini, likisema haliwezi kuwa mhudumu wa wauaji. Sehemu ya vita vya leo ina mizizi katika kambi hizo.

Funzo la 1994, hata hivyo, halisemi raia waachwe wafe njaa. Linasema orodha isishikwe na mwenye bunduki. Wanawake wa mtaa waandikishe kaya, kwa sababu wanajuana mlango kwa mlango. Kiasi kinachogawiwa kitangazwe hadharani siku moja kabla, ili kila mmoja ajue haki yake ni kilo ngapi. Wenye silaha wasisogee kwenye ugawaji. Chakula kigawiwe kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa kuwa gunia kubwa humvutia mporaji. Wafanyakazi wa misaada wa Afrika Mashariki wanazijua kanuni hizi. Wamezitumia katika kambi za Dadaab, Kakuma na Nyarugusu. Kazi hiyo inahitaji watu na magari, na vyote viwili vinahitaji njia.

Hoja ya pili ni ya mamlaka ya nchi. Kinshasa ina hofu kwamba ndege zikitua Goma kwa ruhusa ya M23, M23 watakuwa wametambuliwa kama serikali. M23 nao wana hofu kwamba uwanja ukifunguliwa kwa tangazo la Paris au la Kinshasa, watakuwa wamekiri kwamba si wao wenye mji. Pande zote mbili zinagombania bendera juu ya mnara wa kuongozea ndege, na aliye chini ya mnara hana panadoli.

Afrika Mashariki imewahi kulitatua fumbo hili. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubaliana na serikali ya Khartoum pamoja na SPLM ya John Garang kuanzisha mpango wa Operation Lifeline Sudan. Ndege ziliruka kutoka Lokichoggio, Turkana, kaskazini mwa Kenya, zikatua na kudondosha chakula katika maeneo ya serikali na ya waasi. Zilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, vita vikiendelea. SPLM hawakuwa serikali kwa sababu ya magunia ya mtama, na Khartoum haikupoteza kiti chake Umoja wa Mataifa.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: Khartoum ilikuwa na uwezo wa kuzuia ndege. Mapema mwaka 1998 ilizuia safari za kwenda Bahr el Ghazal, na njaa iliyokuwa inanukia ikageuka mauti. Kwa hiyo tunaposema Kivu iwe na mpango wa namna hiyo, tunasema pia kwamba kusiwe na upande wenye uwezo wa kuufunga peke yake. Ndege zikaguliwe zinapoondoka na zinapotua, na wakaguzi wasiotoka upande wowote wa vita. Kila shehena iwe na orodha iliyo wazi. Ndege yenye silaha ikikamatwa, mwenye ndege ashtakiwe. Lakini mpango mzima usifungwe kwa kosa la mmoja.

Sheria nayo haina utata. Mikataba ya Geneva ya 1949, katika kifungu cha tatu kilicho sawa kwa mikataba yote minne, inazifunga pande zote za vita vya ndani, yakiwemo makundi ya waasi. Mwaka 2018 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2417, likalaani kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita na kuzuia misaada kinyume cha sheria. Anayeshikilia mji ana wajibu kwa wanaoishi ndani yake. Anayedai mji ni wake kisheria ana wajibu kwao pia. Raia wa Goma ana wadeni wawili, na hakuna hata mmoja anayelipa.

Basi tunasema na kila mmoja kwa zamu yake.

Kwa serikali ya Kinshasa: toeni ruhusa ya anga kwa ndege za misaada bila masharti ya kisiasa, na tafuteni njia ya benki kufanya kazi chini ya usimamizi wa kimataifa ili mishahara ya walimu na wauguzi ifike. Wazuieni pia wanamgambo wa Wazalendo wanaopigana upande wenu wasifunge njia za Minembwe na milima ya Fizi, ambako watu wa jamii ya Banyamulenge wamezuiwa kufika sokoni na hospitalini. Hamwezi kulaani mzingiro wa Goma na kunyamazia mzingiro huo. Mtoto wa Minembwe ni Mkongo.

Kwa M23 na uongozi wao wa kisiasa, AFC: mmesema mara nyingi kwamba mnawapigania wananchi. Ondoeni wapiganaji uwanjani, ukabidhini kwa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya misaada pekee, na acheni kuyapangia mashirika nani apewe na nani anyimwe. Mtu asilazimishwe kurudi kijijini ambako hana nyumba, mbegu wala usalama.

Kwa Kigali: yeyote anayesoma ripoti za Umoja wa Mataifa anajua mna sauti inayosikika Goma. Itumieni. Mpaka wa Rubavu ubaki wazi kwa misaada usiku na mchana, na vibali vya dawa vitolewe siku hiyohiyo.

Kwa wafadhili na mashirika makubwa: mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, mliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada itakwenda moja kwa moja kadiri iwezekanavyo kwa mashirika ya wenyeji. Hamkufika huko. Kivu inaonyesha kwa nini ilikuwa ahadi nzuri. Wageni wengi walipoondoka mwanzoni mwa 2025, waliobaki katika hospitali za CBCA Ndosho, HEAL Africa na Panzi walikuwa hasa madaktari na wauguzi Wakongo. Makanisa, misikiti na familia za kawaida zilifungua milango. Walio wengi kati ya waliohama makwao ndani ya Kongo hawaishi kambini, wanaishi kwa ndugu na jamaa, wakigawana chungu kimoja. Wenyeji hawa ndio wabebaji wakuu wa msaada, nao hawana bajeti ya mikutano wala nembo kwenye magari. Wapeni fedha mikononi. Na chakula kinunuliwe kwanza kwa wakulima wa Kivu wenyewe pale kinapopatikana, kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo ya bahari.

Mwisho tunasema na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani na sisi wenyewe. Kongo ni mwanachama kamili tangu Julai 2022. Goma ni mji wa Jumuiya sawa na Mwanza, Kisumu au Mbarara, na Kiswahili kinachosemwa sokoni Virunga na Birere ni chetu sote. Askari wa Kenya walikwenda Goma mwaka 2022 wakaondoka 2023. Askari wa Tanzania walikwenda chini ya SADC, na wapo waliopoteza maisha. Tumepeleka bunduki zaidi ya mara moja. Hatujapeleka mpango wa kulisha na kutibu watu wenye uzito kama huo.

Tuna uwezo. Reli ya Kati inafika Kigoma, na kutoka Kigoma meli na boti zinafika Uvira, Baraka na Kalemie. Tumewapokea Wakongo wa Kivu Kusini Nyarugusu tangu mwaka 1996, kwa hiyo mahitaji yao tunayajua bila kusomewa ripoti. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una maghala na una uzoefu wa kuuza mahindi nje ya nchi. Uganda na Kenya zina nafaka, zina viwanda vya dawa na zina viwanja vya Entebbe na Nairobi vinavyotumiwa na Umoja wa Mataifa kila siku.

Tunapendekeza nchi wanachama zianzishe mfuko wa misaada ya Kivu wenye viwango vya kulipa vilivyoandikwa, tarehe za kulipa na hesabu zinazochapishwa magazetini. Tanzania ianze. Itenge shehena ya kwanza ya mahindi na maharage, WFP ikabidhiwe Kigoma, na Bunge lielezwe ilifika lini na iligawiwa wapi. Nchi iliyotoa cha kwake kwanza ndiyo inayoweza kuwataka Kinshasa, M23, Kigali na Paris watimize cha kwao, na kuwataka hivyo bila kumung'unya maneno.